Lazima na Si Lazima: Lugha ya Wajibu katika Ripoti za Usalama wa Programu za Wingu, kwa Kurejelea Bukoba na Muleba

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuwasilisha wajibu, ushauri na katazo katika ripoti za usalama wa programu za wingu. Mfano unaotumika ni zana iitwayo ScubaGear. Inaelezwa kwamba mahali pa kikanushi katika sentensi huweza kubadili hatua anayoichukua msomaji, na kwamba katika ofisi zinazotunza taarifa za wagonjwa kosa la namna hiyo si la kisarufi tu.

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya karibuni Mkoa wa Kagera umekuwa chimbuko la taarifa nyingi za afya zinazomhusu mtu mmoja mmoja. Huko Muleba, utafiti wa vyandarua uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet ulihusisha makundi 48 ya makazi, na watoto walipimwa malaria. Katika Wilaya ya Bukoba, mlipuko wa ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mwezi Machi 2023. Kati ya wagonjwa 9, 6 walifariki, na watu waliokutana nao walifuatiliwa kwa majina hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Kabla ya tangazo hilo, tarehe 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilikuwa imekwisha kuanza kutumika. Sheria hiyo inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti.

Makala haidai kwamba taarifa za matukio hayo zilihifadhiwa katika wingu, yaani katika kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti. Matukio yanatajwa ili kuonyesha uzito wa jina la mtu linapoandikwa katika orodha ya ugonjwa.

2.0 Zana na Ripoti Yake

ScubaGear ilitolewa mwaka 2022 na CISA, wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulikia usalama wa mitandao. Kazi yake ni kukagua mipangilio ya Microsoft 365, ambamo mna barua pepe, mafaili na mikutano ya ofisi.  Mtumiaji huandika amri katika PowerShell. Zana husoma mipangilio, huilinganisha na masharti yaliyokwisha kuandikwa, kisha hutoa ripoti. Yenyewe hairekebishi chochote. Urekebishaji huachiwa msomaji wa ripoti, na hapo ndipo lugha inapoingia.

Kila sharti limeandikwa kwa neno la Kiingereza "shall" au "should". Maana za maneno hayo katika nyaraka za kiufundi zilifafanuliwa mwaka 1997 katika waraka wa RFC 2119. Sharti la "shall" lisipotimizwa, ripoti husema kwamba ukaguzi umeshindwa. La "should" lisipotimizwa, hutolewa tahadhari tu. Yako pia masharti ambayo zana haiwezi kuyapima, na hayo huhitaji kukaguliwa na mtu.

3.0 Matatizo ya Tafsiri

3.1 Wajibu na Ushauri

Maneno yanayomjia mfasiri kwa haraka ni "inapaswa" na "inatakiwa". Yote mawili hubeba amri na ushauri kwa pamoja, hivyo hufuta mpaka ambao ripoti nzima imejengwa juu yake. Njia ya pili ni kiambishi -ta-, ambacho sheria zetu hukitumia kuonyesha wajibu, kama katika "Kutakuwa na Tume". Lakini katika ripoti, "njia za zamani za kuingia zitazuiwa" husomeka kama habari ya jambo litakalotokea, pengine kwa mkono wa mtu mwingine. Suala hili linastahili uangalifu zaidi Bukoba na Muleba, kwa kuwa Kihaya, lugha ya kwanza ya wengi huko, hutenganisha wakati ujao wa karibu na ule wa mbali.

3.2 Ukanushi

Sharti mojawapo linakataza nywila kuwekewa ukomo wa muda. Tafsiri mbili zilinganishwe:

(1) a. Si lazima nywila ziishe muda.
    b. Lazima nywila zisiishe muda.

Katika (1a) kinachokanushwa ni ulazima. Msimamizi yu huru kuchagua. Katika (1b) kinachokanushwa ni tendo, na hilo ni katazo. Sharti linakusudia (1b). Hali ni hiyo hiyo kwa sharti kwamba mtu asiyejulikana asiweze kuanzisha mkutano. Ichukuliwe kwamba hospitali moja ya Muleba imeletewa sharti hilo kwa umbo la (1a). Msimamizi atakayeuacha mlango wazi atakuwa ametii alichokisoma.

4.0 Amri na Mwenye Amri

Tarehe 17 Desemba 2024 CISA ilitoa agizo linalozitaka idara za kiraia za serikali kuu ya Marekani kuyafuata masharti hayo. Nje ya idara hizo "lazima" ya ripoti haina nguvu ya sheria. Ni kipimo kizuri cha kuazima. Huko Kagera wajibu unatokana na Sheria ya mwaka 2022. Kwa hiyo ofisi inayofaulu kila kipengele cha ripoti haijathibitisha kwamba imeitii Sheria: zana haioni orodha iliyochapishwa na kusahauliwa mezani. Tafsiri haina budi kuandika "lazima kwa mujibu wa kiwango hiki", ili ajulikane mwenye kuamuru.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba "lazima" itumike kwa wajibu na "inashauriwa" kwa ushauri. Kwamba katika makatazo kikanushi kikae daima katika kitenzi cha pili (lazima zisiishe, inashauriwa wasiruhusiwe). Na kwamba neno "sharti" libaki kuwa nomino ya kipengele kinachokaguliwa. Matokeo yaitwe "limetimizwa", "halijatimizwa", "tahadhari" na "likaguliwe na mtu". Mapendekezo haya yanafaa kujaribiwa kwa wasomaji halisi katika ofisi za Bukoba na Muleba kabla ya kusanifishwa, kwa kuwa ndio watakaobofya au kuacha kubofya baada ya kusoma.