Watawa Walioshika Silaha

Sungusungu sote tunawajua. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi huku kwetu. Leo tujifunze habari za walinzi wengine, wa zamani sana.

Mwaka 1099 Wakristo wa Ulaya waliuteka mji wa Yerusalemu. Mahujaji wengi wakaenda huko, lakini njiani waliporwa na kuuawa. Karibu mwaka 1119 askari wachache wapanda farasi waliapa kuwalinda. Waliweka nadhiri kama watawa: wasiwe na mali yao wenyewe, wasioe, na watii wakubwa wao. Wakaitwa Askari wa Hekalu.

Watu wakawapa mashamba na fedha. Basi, chama kikatajirika mno, hata wafalme wakaja kukopa. Mfalme Philip wa Nne wa Ufaransa alikuwa na deni kwao. Tarehe 13 Oktoba 1307 aliwakamata. Waliteswa mpaka wakakiri makosa mazito. Mwaka 1312 Papa alikivunja chama chao.

Je, Afrika mambo haya yalifika? Ndiyo. Mwaka 1885 mapadre wa Kardinali Lavigerie walipewa ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Wakati huo wakamataji wa watumwa walichoma vijiji. Lavigerie alitaka walinzi. Akaja Kapteni Joubert, Mfaransa, aliyewahi kuwa askari wa Papa. Yeye hakuwa mtawa, alioa huku huku. Tangu 1887 alikaa Mpala, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Alifundisha vijana bunduki, na wanyonge wakakimbilia kwake. Lakini aliyekuja kulinda akawa pia mkubwa wa vijiji.

Mwaka 1891 Lavigerie alianzisha chama cha watawa wenye silaha huko Biskra, Algeria. Mwaka 1892 kilivunjwa.

Tunajifunza nini? Kiapo ni kizuri, lakini peke yake hakitoshi. Mlinzi naye aangaliwe. Fedha za ulinzi zisomwe mbele ya mkutano wa kijiji. Na mtu akikiri kwa kipigo, huo si ushahidi. Mshukiwa apelekwe polisi, kesi isikilizwe mahakamani.

Maswali:
1. Askari wa Hekalu waliapa kufanya nini?
2. Kwa nini Mfalme Philip alifaidika chama kilipovunjwa?
3. Kijijini kwenu, nani huwakagua walinzi? Zungumzeni.