SOMO LA TISA: KUCHAGUA NA KUFUNGA PRINTA YA LEZA ISIYOTUMIA WAYA KATIKA OFISI YA NYUMBANI

Lengo la somo

Watu wengi siku hizi hufanya kazi zao wakiwa nyumbani: wahasibu, wafasiri, walimu wa masomo ya ziada, mawakala wa bima na waandaaji wa hati za zabuni. Kwao printa ni chombo cha kazi kama cherehani ilivyo kwa fundi nguo. Hati isipochapishwa kwa wakati, zabuni hupotea. Na mashine inayokula fedha nyingi kuliko inavyozalisha hula faida ya mwenye nayo kimyakimya.

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kukokotoa gharama halisi ya printa kabla ya kuinunua, kuikagua akiwa dukani, kuiunganisha na mtandao wa nyumbani, kulinda siri za wateja wake, na kudai haki yake pindi anapouziwa kisichofaa.

1. Namna printa ya leza inavyofanya kazi

Printa ya leza haitumii wino wa maji. Hutumia unga laini uitwao tona. Ndani ya mashine mna mche wa duara, yaani dramu, unaochajiwa kwa umeme tuli. Mwali wa leza huchora juu ya dramu hiyo umbo la maandishi, tona hunata palipochorwa, kisha huhamia kwenye karatasi. Mwishoni karatasi hupita kati ya roli zenye joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, nazo huyeyusha unga huo ukashikamana na karatasi.

Maelezo haya mafupi yana mafunzo matatu kwa mnunuzi. Kwanza, tona haikauki kama wino wa maji. Printa inaweza kukaa wiki kadhaa bila kazi na bado ikachapisha vizuri. Pili, joto hilo huhitaji umeme mwingi kwa muda mfupi, jambo tutakalolirudia. Tatu, karatasi maalumu za picha zilizotengenezwa kwa printa za wino wa maji zisitiwe humo, kwa kuwa utando wake unaweza kuyeyuka na kuharibu roli.

2. Gharama halisi imo katika kila ukurasa

Wahenga walisema rahisi ghali. Bei iliyobandikwa kwenye boksi ni mwanzo tu wa malipo. Yanayofuata ni katriji za tona na, katika aina nyingi, dramu inayonunuliwa kivyake. Tuchukue mfano. Bei zilizotumika hapa ni za kufundishia tu.

Printa A inauzwa shilingi 350,000. Katriji yake ni shilingi 220,000 na huchapisha kurasa 1,000. Katriji inayokuja na mashine ina tona ya kurasa 500.

Printa B inauzwa shilingi 600,000. Katriji yake ni shilingi 240,000 na huchapisha kurasa 3,000. Katriji inayokuja na mashine ina tona ya kurasa 1,000. Dramu yake ni shilingi 180,000 na hudumu kurasa 12,000.

Ukigawanya bei ya katriji kwa idadi ya kurasa, ukurasa mmoja wa Printa A unagharimu shilingi 220. Ule wa Printa B unagharimu shilingi 80 za tona na shilingi 15 za dramu, jumla shilingi 95.

Sasa tuseme mlaji huchapisha kurasa 400 kwa mwezi, yaani kurasa 9,600 kwa miaka miwili. Akiwa na Printa A atahitaji katriji 10 zaidi ya ile ya mwanzo, kwa shilingi 2,200,000; pamoja na mashine atakuwa ametumia shilingi 2,550,000. Akiwa na Printa B atahitaji katriji 3, kwa shilingi 720,000, na dramu ya kwanza itakuwa haijaisha. Jumla ni shilingi 1,320,000. Mashine iliyoonekana ya bei nafuu imemgharimu shilingi 1,230,000 zaidi.

Hata hivyo, kanuni hii haimfai kila mtu. Anayechapisha kurasa 30 kwa mwezi atafikisha kurasa 720 kwa miaka miwili. Printa A itamtosha kwa katriji moja ya nyongeza, jumla shilingi 570,000, ilhali Printa B itakuwa imemgharimu shilingi 600,000. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, mlaji ahesabu kwanza kurasa anazochapisha kwa mwezi. Asiyejua kiasi hicho ahesabu rimu alizomaliza: rimu moja ina karatasi 500.

Idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye katriji za rangi nyeusi hupimwa kwa kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO/IEC 19752. Kwa katriji za rangi hutumika ISO/IEC 19798. Mtu anayechapisha majedwali mazito, nembo na picha ategemee kurasa chache kuliko zilizotajwa.

3. Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

(a) Umeme. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Printa nyingi zilizotumika huletwa kutoka nchi ambazo umeme wake ni tofauti: Japani hutumia volti 100 na Marekani volti 120. Chaja ya kompyuta mpakato mara nyingi hukubali volti zote, lakini printa ya leza kwa kawaida hutengenezwa kwa umeme wa eneo moja. Soma kibandiko cha nyuma ya mashine. Kikisomeka volti 100 hadi 127, mashine hiyo ikichomekwa moja kwa moja ukutani itaungua, na adapta ya kubadilisha umbo la plagi haibadilishi volti.

(b) Upatikanaji wa tona. Uliza kama katriji ya aina hiyo inapatikana madukani, kwa bei gani, na ikiwezekana katika maduka zaidi ya moja. Printa ambayo tona yake huagizwa nje kila inapoisha itakusimamishia kazi.

(c) Masharti ya katriji. Baadhi ya printa zina chipu inayokataa katriji isiyotoka kwa mtengenezaji, na nyingine hudai kuunganishwa na intaneti wakati wote. Masharti hayo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye boksi. Yasome kabla ya boksi kufunguliwa.

(d) Kuchapisha pande mbili. Printa inayogeuza karatasi yenyewe hupunguza matumizi ya karatasi hadi karibu nusu. Ifahamike kuwa haipunguzi matumizi ya tona.

(e) Njia za kuunganisha. Hakikisha mashine ina Wi-Fi na pia tundu la USB. Siku mtandao unapogoma, waya wa USB ndio mwokozi. Kwa wanaotumia simu, iwe inakubali AirPrint kwa simu za iPhone au Mopria kwa simu za Android.

(f) Mashine iliyotumika. Omba ikuchapie ukurasa wa taarifa zake. Humo huonekana idadi ya kurasa zilizokwisha kuchapishwa. Alama inayojirudia kwa umbali uleule kwenye karatasi huashiria kuwa dramu au roli ina kasoro.

4. Kuifunga nyumbani

Hatua ya kwanza: toa utepe na vizuizi vyote vya usafirishaji, vikiwamo vile vya ndani karibu na katriji. Vikisahauliwa huweza kukwamisha karatasi au kuharibu roli.

Hatua ya pili: weka mashine mahali tambarare, penye hewa, pasipo jua la moja kwa moja. Isiwekwe juu ya jokofu wala kando ya jiko.

Hatua ya tatu: ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Inapopasha joto, printa ya leza inaweza kuvuta zaidi ya wati 1,000 kwa nukta chache. Kwa sababu hiyo isiunganishwe na UPS ndogo ya kompyuta, wala isichangie soketi ya waya mrefu na pasi au birika la umeme. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, tumia kifaa cha kulinda umeme chenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye mashine.

Hatua ya nne: unganisha na Wi-Fi. Kwenye menyu ya mashine chagua jina la mtandao wako na uingize nywila. Printa isiyo na kioo huunganishwa kwa programu ya simu, au kwa kubonyeza kitufe cha WPS cha rauta kisha cha printa. Ikiwa jina la mtandao halionekani, huenda rauta inarusha masafa ya gigahezi 5 peke yake. Printa nyingi za nyumbani hutumia gigahezi 2.4. Washa masafa hayo kwenye rauta.

Hatua ya tano: weka programu ya printa kwenye kompyuta, ukiipakua katika tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Kompyuta na printa ziwe katika mtandao mmoja. Mtandao wa wageni wa rauta mara nyingi huzuia vifaa visionane.

Hatua ya sita: kama kompyuta huipoteza printa mara kwa mara, ingia katika mipangilio ya rauta uitengee printa anwani ya IP isiyobadilika.

Kwa wasio na rauta, mambo mawili yafahamike. Ukitumia intaneti ya simu kama mtandao wa nyumba, printa hupoteza mtandao kila simu hiyo inapotoka nyumbani. Pia, kutuma kazi kutoka kompyuta hadi printa ndani ya mtandao wa nyumbani hakuli bando. Rauta isiyo na kifurushi chochote inaweza kuunganisha vifaa hivyo viwili. Vilevile, printa yenye Wi-Fi Direct hutengeneza mtandao wake yenyewe.

5. Kulinda siri za wateja

Printa isiyotumia waya ni kompyuta ndogo. Hupokea nakala za vitambulisho, mikataba, matokeo ya mitihani na taarifa za benki. Anayekusanya taarifa za watu katika kazi yake akumbuke kuwa Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mambo manne yatazamwe: nywila ya msimamizi wa printa ibadilishwe siku ya kwanza, mtandao wa Wi-Fi ulindwe kwa WPA2 au WPA3, Wi-Fi Direct izimwe kama haitumiki, na programu ya ndani ya mashine isasishwe, baada ya kusoma kama sasisho hilo litazuia katriji unazotumia.

Siku ya kuiuza au kuigawa mashine, irudishe katika mipangilio ya kiwandani ili kufuta nywila na orodha zilizohifadhiwa.

6. Matunzo

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Tanga, karatasi hunyonya unyevu, hujikunja na kukwama. Rimu iliyofunguliwa ihifadhiwe ndani ya mfuko uliofungwa. Palipo na vumbi, mashine ifunikwe ikiwa imezimwa na kupoa.

Karatasi ikikwama, zima mashine, subiri ipoe, kisha ivute taratibu kwa mikono miwili bila kuichana. Dramu isiguswe kwa vidole wala kuachwa kwenye mwanga. Tona ikimwagika, ifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi. Maji ya moto huifanya inate. Maandishi yakianza kufifia, itoe katriji, itikise polepole kulia na kushoto, na uirudishe. Kwa kawaida hupata kurasa kadhaa zaidi huku ukitafuta nyingine.

7. Haki ya mlaji

Katriji bandia ni tatizo kubwa kuliko printa bandia, kwa sababu hununuliwa mara nyingi. Tofautisha vitu viwili: katriji ya kampuni nyingine inayojitambulisha kwa jina lake ni bidhaa halali ya ushindani, katriji inayobeba nembo ya mtengenezaji ambaye hakuitengeneza ni bandia. Bei iliyo chini mno, maandishi yenye makosa na boksi lililogundishwa upya ni dalili za kutosha kukufanya usite.

Daima dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, na kadi ya waranti iliyogongwa mhuri na kuandikwa tarehe. Namba ya mashine iliyo kwenye kadi ilingane na ile iliyo nyuma ya printa. Muulize muuzaji nani atakayeitengeneza mashine ndani ya waranti, na mahali gani. Omba ijaribiwe mbele yako kwa kuchapisha kurasa mbili au tatu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inashughulikia bidhaa bandia. Maneno "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" hayampi muuzaji ruhusa ya kuuza kitu bandia. Ukiuziwa kisichofaa, acha kukitumia, tunza boksi na risiti, mwandikie muuzaji ukieleza kasoro na unachodai, na ubaki na nakala ya barua. Asipojibu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo hivyo.

Maswali ya kujipima

1. Unachapisha kurasa ngapi kwa mwezi? Kokotoa gharama ya miaka miwili kwa printa mbili unazozifikiria.
2. Kibandiko cha printa uliyooneshwa kinasomeka volti 120. Utamjibu nini muuzaji anayekupa adapta ya plagi?
3. Kompyuta yako ina intaneti lakini haiioni printa. Taja mambo mawili utakayoyakagua kwanza.
4. Unataka kumuuzia jirani printa yako ya zamani. Utafanya nini kabla ya kumkabidhi?