SOMO: NGOMA YA ZAMANI ILIYOPASUKA SAFARINI

Kuanzia mwaka 2005 jamaa nyingi zilirudi Baraka kwa meli kutoka Kigoma. Katika safari kama hizo mizigo hugongana. Ngoma ya kijiji ikifika na ufa, watu huulizana: nani aliivunja? Tunashauri tusianze kwa kulaumiana, wala tusiitupe.

1. Tukae pamoja, wazee na vijana, tuitazame.
2. Tufungue kamba, tutoe ngozi iliyochanika. Gogo likaukie kivulini. Jua kali huongeza ufa.
3. Tutie gundi ya mbao ndani ya ufa, tukaze kwa kamba mpaka ikauke kabisa.
4. Tuloweke ngozi mpya usiku kucha. Ingali laini, tuvute kamba kidogo upande huu, kisha upande unaoelekeana nao. Upande mmoja ukivutwa kupita mwingine, sauti huharibika, na ngozi huweza kupasuka tena.
5. Ikauke kivulini siku kadhaa kabla ya kupigwa.

Alama ya ufa itabaki, lakini ngoma italia. Mapatano kati ya waliorudi na waliobaki ni vivyo hivyo.

Swali la kujadili: Kwetu kijijini, ni upande gani unaovutwa zaidi?