Ndevu kwa mwanamke: usiishie kwenye wembe

Miaka kadhaa iliyopita alikuja katika kliniki yangu dada mmoja wa miaka 26, akilalamika kwamba kifua chamsumbua. Ilikuwa mchana wa jua kali, lakini alikuwa amejifunga skafu shingoni hadi kidevuni. Nilipomwomba aifungue nimpime, machozi yalimlengalenga. Kidevu kilijaa vipele vyeusi, na kati yake zilionekana ndevu alizozinyoa asubuhi hiyo. Kifua hakikuwa na kasoro yoyote. Kwa miaka 4 alikuwa akinyoa kila siku kabla ya mumewe kuamka.

Nilimwuliza kuhusu hedhi. Akasema huja mara 3 au 4 kwa mwaka, na kwamba wamejaribu kupata mtoto bila mafanikio. Hakuwa amefikiria hata siku moja kwamba mambo hayo yana uhusiano na ndevu zake. Msomaji, yana uhusiano mkubwa.

Kila mwanamke ana malaika, vile vinyweleo laini vya mwilini. Hivyo si ugonjwa. Tunachozungumzia hapa ni nywele nene na nyeusi zinazoota mahali zinapoota kwa mwanamume: juu ya mdomo, kidevuni, kifuani, mgongoni, na chini ya kitovu. Madaktari huziita hirsutizimu. Wengine mtaani husema ni bahati ya mali, wengine husema ni mkosi. Ukweli ni kwamba ni kazi ya homoni. Mwili wa mwanamke pia hutengeneza homoni kidogo za kiume, katika ovari na katika tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Zikizidi, malaika hugeuka ndevu. Hata hivyo, ikiwa mama yako na shangazi zako wana nywele chache kidevuni, na hedhi yako huja kila mwezi bila kukosa, huenda ni urithi tu.

Kati ya wanawake 10 wenye tatizo hili, 7 au zaidi huwa na maradhi ya ovari ambayo wengi huyajua kwa herufi PCOS. Ovari hazipevushi yai kila mwezi kama kawaida. Hedhi hupotea, chunusi hutokea, na mara nyingi uzito huongezeka, ingawa hata wanawake wembamba huyapata. Chanzo kimoja ni kwamba insulini haifanyi kazi vyema, kwa hivyo mwili huitoa kwa wingi, nayo huzisukuma ovari kutoa homoni zaidi za kiume. Tazama pia nyuma ya shingo na makwapani: ngozi iliyokuwa nyeusi na nene kama kitambaa cha mahameli ni ishara ya hali hiyo. Si uchafu, kwa hivyo usiisugue.

Hapa ndipo hatari ilipo. Mwanamke huyu yumo katika hatari ya kupata kisukari, na akikaa miezi mingi bila hedhi, ukuta wa ndani wa mji wa mimba huendelea kunenepa na unaweza hatimaye kuingia saratani. Wembe huondoa ndevu. Hauondoi hayo.

Kuna sababu nyingine. Kuna wanaozaliwa na hitilafu ya tezi za adrenali ambayo hujitokeza ukubwani. Dawa nazo huchangia, kama vile testosteroni na baadhi ya dawa za kifafa. Mimi huuliza pia kuhusu krimu za kujichubua, kwa sababu nyingi huwa na steroidi kali, na uso uliopakwa kwa miezi huota nywele.

Jambo lisilongoja ni mabadiliko ya ghafla. Ikiwa ndevu zimeota kwa wiki au miezi michache tu, sauti imekuwa nzito, kipara kinaanza, misuli inajaa au kinembe kimekua, nenda hospitalini wiki hii. Huo unaweza kuwa uvimbe wa ovari au wa adrenali.

Wanawake wengi huja kwangu na picha ya ultrasaundi waliyoilipia ghali kabla ya mtu yeyote kuwauliza habari za hedhi. Picha peke yake haitoshi, kwani ovari zenye vifuko vingi huonekana hata kwa wanawake wazima kabisa. Daktari aanze kwa maswali na kukupima mwili, kisha apime damu: testosteroni, sukari, homoni za tezi ya shingo, na mimba pia ikiwa hedhi imekosekana.

Tiba inahitaji subira. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza hata asilimia 5 kunaweza kurudisha hedhi. Kwa asiyetafuta mtoto, tembe za kupanga uzazi hushusha homoni za kiume, lakini lazima upimwe shinikizo la damu kwanza, na matokeo kwenye ndevu huchukua miezi 6. Spironolaktoni huweza kuongezwa baadaye, ila usiitumie bila kinga ya mimba, kwani inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Metfomini husaidia sukari na hedhi. Kwa ndevu haifanyi mengi. Anayetaka kuzaa ana dawa zake za kupevusha yai, na wengi hufaulu.

Kunyoa hakuzidishi ndevu, hayo ni maneno ya watu. Ila nywele zetu za kipilipili hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, ndipo vile vipele hutokea. Nyoa kufuata zinakoelekea, usizikate chini kabisa. Ukichagua leza, uliza kama mashine yao ni ya Nd:YAG, ambayo ni salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Nyingine huweza kukuchoma na kukuachia madoa.

Unapokwenda kwa daktari, andika tarehe za hedhi zako za miezi 6 iliyopita, na ubebe kila dawa na krimu unayotumia. Na ukiweza, ingawa najua ni vigumu, usinyoe kwa siku 3 au 4 kabla, ili aone anachokitibu.