SOMO KWA MAKATIBU: USHIRIKA KATIKA KUZUIA BARUA TAKA

Kusudi la somo hili ni kueleza jinsi watumiaji wa barua pepe wanavyoweza kusaidiana kuzitambua barua taka, yaani barua zipelekwazo kwa watu wengi kwa mkupuo bila wao kuziomba. Baadhi ni matangazo tu. Nyingine ni mitego ya wezi. Chama kikilipa deni la mbolea kwenye akaunti ya mwizi, watakaoumia ni wakulima waliokwisha kuleta mazao yao ghalani.

1. Dole gumba la barua

Zipo huduma ambazo watumiaji wake huchangia ujuzi wao. Miongoni mwao ni Razor, iliyobuniwa na Vipul Ved Prakash, pamoja na Pyzor na DCC. Barua inapofika, programu huifanyia hesabu na kupata alama fupi ya herufi na tarakimu. Alama hiyo ni kama dole gumba ambalo mkulima hulitia katika daftari la malipo: humtambulisha bila kueleza habari zake. Alama hupelekwa kwenye seva ya huduma, nayo hujibu kama barua hiyo imekwisha kutolewa taarifa kwingine. Hivyo, aliyetangulia kuona hila huwakinga walio nyuma yake.

2. Kazi ya kichujio

Huduma hizo haziamui peke yake. Huunganishwa na kichujio kama SpamAssassin, kilichoanzishwa na Justin Mason mwaka 2001. Kichujio hiki hufanya majaribio mengi na kuipa barua pointi kwa kila jaribio. Jibu la Razor au la Pyzor huongeza pointi kadhaa tu. Kwa mpango wa kawaida, jumla ikifika 5 barua huhesabiwa kuwa taka. Utaratibu huu una hekima, kwani ushahidi wa shahidi mmoja hautoshi kumhukumu mtu.

3. Wajibu wa kila chama

Huduma ya ushirika hudhoofika ikiwa wote wanapokea na hakuna anayetoa. Yampasa katibu:

(a) Kutoa taarifa ya barua taka iliyopenya kichujio.
(b) Kutotoa taarifa ya jarida ambalo chama chenyewe kiliomba. Razor hupima uaminifu wa watoa taarifa, na asemaye ovyo hupoteza uzito wa neno lake.
(c) Kutanguaza taarifa iliyotolewa kwa makosa.
(d) Kutopeleka kamwe barua yenye hesabu au majina ya wanachama, kwa kuwa wakati wa kutoa taarifa barua nzima yaweza kupelekwa, si alama peke yake.

4. Mambo ya kuangaliwa

DCC huhesabu nakala. Haitambui nia ya mwandishi. Waraka wa bei uliopelekwa na Chama Kikuu kwa vyama vyote waweza kuonekana kama barua ya mkupuo. Kwa hiyo anwani za Chama Kikuu ziandikwe katika orodha ya wanaoaminiwa, na kasha la taka likaguliwe kila asubuhi.

Fundi naye ahakikishe kwamba ukuta wa ulinzi wa mtandao hauzuii milango ya huduma hizi: TCP 2703 kwa Razor, UDP 24441 kwa Pyzor, na UDP 6277 kwa DCC. Milango ikifungwa, kichujio huendelea na kazi bila msaada wa wenzake, na huenda katibu asitambue.

La mwisho ndilo kubwa. Barua ya kughushi iliyotungwa kwa ajili ya chama kimoja tu haina alama katika seva yoyote, kwa sababu hakuna mwingine aliyeipokea. Hapo hakuna mashine itakayotosha. Kila badiliko la akaunti ya malipo lithibitishwe kwa simu, kwa namba iliyokuwamo katika jalada tangu zamani, si ile iliyoandikwa katika barua hiyo. Kisha malipo yaidhinishwe na watia sahihi wote.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini alama ya barua hutunza siri kuliko barua yenyewe?
2. Ni anwani zipi ambazo chama chenu kiziandike katika orodha ya wanaoaminiwa?
3. Nani katika chama chenu huthibitisha akaunti mpya kabla ya fedha kutoka?