Kabla hujapaka kitu, lijue doa lako

Wadogo zangu, swali mnalonitumia sana ni hili: "Dada, uso umejaa madoa, nipake nini?" Mimi nauliza kwanza, doa gani? Madoa hayafanani, na dawa ya moja huliharibu jingine.

Simama dirishani asubuhi na kioo chako. Ukiona vipele vidogo vyeusi, saizi ya punje ya ufuta, vimeinuka mashavuni na pembeni mwa macho, muulize mama kama naye anavyo. Mara nyingi ni vya kurithi, havina madhara, na hakuna krimu inayoviondoa. Daktari wa ngozi huvichoma kwa umeme. Usivikate kwa wembe, tafadhali.

Baka la kahawia lililotanda mashavu yote mawili, paji la uso na juu ya mdomo huenda ni melazma. Huchochewa na mimba au vidonge vya majira, na jua hulikoleza. Kwa wengine hupungua lenyewe baada ya kujifungua. Madoa ya chunusi hubaki pale ulipotumbua, nayo huchukua miezi kufifia. Yale ya uzee ni bapa, yana ukingo unaoonekana, na hutokea sehemu zilizopigwa jua miaka mingi: usoni na migongo ya mikono.

Sasa mkorogo, ule mchanganyiko wa krimu za kujichubua. Huu unaniumiza roho. Ndani yake mara nyingi mna steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi hukondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana, na ukiacha ghafla uso unawaka moto na kutoka vipele. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kuacha weusi wa kijivubluu mashavuni, mgumu kuutibu kuliko doa ulilolikimbia. Zebaki huharibu figo, na mjamzito humfikishia mtoto tumboni.

Anza na losheni ya kuzuia jua, SPF 30 au zaidi, kila asubuhi, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Kwa melazma tafuta yenye rangi ya ngozi: oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza baka. Ongeza mtandio au mwamvuli. Dawa ya kufifisha, kama asidi ya azelaiki, upangiwe na daktari, na mwambie kama una mimba.

Doa linalokua, lenye rangi mbili tatu au linalotoa damu lisisubiri, huenda ni melanoma, saratani ya ngozi. Kwa sisi weusi saratani hiyo hupenda nyayo na chini ya kucha. Ya mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki 1981, ilianzia kidole cha mguu. Ukienda kliniki, vua viatu pia.