Kutenga Yabisi na Mafuta ya Makaa ya Mawe: Kutoka Kuchuja hadi Kukatika

Utangulizi

Dai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba ufafanuzi wa sayansi limezoeleka mno. Makala haya yanalipima dai hilo kwa mchakato mmoja mgumu, yaani kutenga yabisi na mafuta yatokanayo na makaa ya mawe.

Chanzo cha Tatizo

Mnamo mwaka wa 1913, Friedrich Bergius, mwanakemia wa Ujerumani, alipata hataza ya kugeuza makaa ya mawe kuwa kiowevu. Makaa husagwa, yakachanganywa na mafuta mazito, kisha yakatiwa haidrojeni chini ya shinikizo kubwa katika joto lipatalo selisiasi 450. Molekuli kubwa za makaa huvunjika, na haidrojeni hushika zilipovunjikia. Hata hivyo, madini yaliyomo hayageuki mafuta. Hubaki kama majivu, pamoja na makaa yasiyoyeyuka na masalia ya kichocheo. Yasipoondolewa, huziba mabomba na kuharibu vichocheo vya hatua zifuatazo.

Mbinu za Utenganishaji

Akamuaye tui hutumia kifumbu: tui hupita, machicha hubaki. Katika mafuta haya, chembe nyingi ni ndogo mno, nazo huziba chujio upesi. Kuzisubiri zituame nako kuna dosari. Kwa mujibu wa kanuni ya Stokes, kipenyo cha chembe kikipungua mara 10, kasi ya kutuama hupungua mara 100. Mnato wa kiowevu huzidi kuichelewesha.

Hapa ndipo kemia inapoingia. Hutiwa kiyeyushi hafifu, na molekuli nzito ziitwazo asfaltini zikashindwa kuendelea kuyeyuka. Hujitenga, zikazinatisha chembe kuwa madonge yatuamayo haraka. Maziwa yaliyotiwa ndimu hukatika kwa sura iyo hiyo, ijapokuwa kemia yake ni nyingine. Mbinu ya viyeyushi ilijaribiwa Wilsonville, Alabama, nchini Marekani. Kwa upande mwingine, kiwanda cha Shenhua huko Ordos, China, kilichoanza kazi mwaka wa 2008, kilichagua ukenekaji katika ombwe: mafuta huvukizwa, mashapo yakabaki.

Kila mbinu ina hasara yake. Ukenekaji huacha mafuta mazito ndani ya mashapo, ilhali kiyeyushi hafifu huondoa asfaltini ambazo zingeweza kugeuzwa mafuta.

Hitimisho

Ni dhahiri kuwa vitenzi kuchuja, kutuama, kukatika na kukeneka vinatosha kuueleza mchakato huu. Hatari iko katika kuziita mbinu zote "kuchuja". Mwanafunzi atadhani kwamba ukubwa wa tundu ndio unaoamua kila kitu, na kemia yenyewe itampita. Kwa hivyo, anayeteua istilahi hana budi kuuliza kwanza ni nini kinachotendeka chomboni, ndipo achague kitenzi.